Kuunda Pikipiki ya Plastiki ya 1/6 Ukiwa Kigoma: Kuanzia Boksi Mpaka Vumbi

Wakuu, hii ni kwa wale ambao boksi limeshafika au liko njiani. Nazungumzia zile pikipiki za plastiki za kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, skeli ya 1/6, sio vitoi vya watoto. Skeli ya 1/6 maana yake kila kipimo cha pikipiki yenyewe kimegawanywa kwa sita, kwa hiyo mfano nitakaoutumia hapa, Honda CB750 Four ya Tamiya (kampuni ya Japani ya modeli), unakuja na urefu wa kama sentimita 36, yaani unaipita rula ya shule. Pikipiki yenyewe ilitoka 1969, silinda nne mstari mmoja, 736 cc, diski breki mbele, ekzosi nne, mbili kila upande. Kama wewe umepata Africa Twin au nyingine yoyote ya ukubwa huu usiondoke, kazi ni ile ile.

Kitu kimoja nikiseme mapema maana ndio msingi wa yote. Karatasi ya maelekezo inakuonyesha kipande kinakaa wapi na basi. Kinatakiwa kuonekanaje, wapi panang'aa wapi pamefifia, oili inavujia wapi, vumbi linaganda wapi, hayo yote yako kijiwe cha bodaboda pale Mwanga sokoni au kwa fundi yeyote anayeshusha injini chini ya mwembe. Watu Ulaya wananunua vitabu vya picha kwa ajili hiyo, sisi tunazo pikipiki mlangoni asubuhi mpaka usiku. Nenda ukasalimie vizuri, sema "kaka naomba nipige picha hapa kwenye injini, sio namba, injini tu", atacheka halafu atakubali, na ukimwachia ya soda atakusogezea mwenyewe kwenye mwanga. Piga chini ya tenki, nyuma ya injini, kwenye cheni, chini ya madigadi. Hizo picha utazihitaji sana huko mbele.

Vifaa, na vingi unavyo tayari

Plaizi ndogo ya kukatia yenye mdomo mwembamba, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, msasa wa 400, 800, 1000 na 2000 (ile ya maji, wanauza maduka ya rangi za magari), bisibisi ndogo za mafundi simu, vibanio vya nguo, vijiti vya meno, pamba za masikio, masking tepu. Gundi ni tatu: ya plastiki ile nyembamba kama maji, Tamiya Extra Thin ndio wengi tunaitumia, halafu supaglu kwa vyuma, halafu gundi nyeupe ya mbao kwa vioo na taa. Hiyo ya tatu watu wanaidharau ila usiweke supaglu kwenye kioo cha taa, inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe na hautoki.

Rangi ndio shughuli. Makopo ya kupuliza hayapandi ndege kwenye posta, ni hatari ya moto, kwa hiyo ukiagiza nje mara nyingi utapata za chupa tu na makopo utayatafuta Dar yaje kwa basi au treni. Ukikosa kabisa, mafundi rangi za magari wanachanganya rangi yoyote unayotaka na wana kompresa, ila hapa sikiliza vizuri, thina yao ni kali na plastiki hii inayeyuka. Lazima praima kwanza, yaani rangi ya msingi, na tabaka za mwanzo zipulizwe kwa mbali, kavu kavu, nyepesi kabisa, plastiki isije ikalowa. Jaribu kwenye kijiko cha plastiki kwanza, kila rangi kijiko chake. Na petroli usioshee hivi vipande hata kama fundi wako ndivyo anavyooshea vyake, petroli inakula plastiki.

Kabla hujakata chochote

Vipande vinakuja vimeshikana kwenye matawi, kila tawi lina herufi, kila kipande namba. Osha matawi yote mazima mazima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo maana vina mafuta mafuta ya kiwandani ambayo rangi haishiki juu yake, halafu anika kivulini. Kivulini, narudia, jua la saa saba la hapa linapinda plastiki nyembamba.

Ukikata, usikate kwa kugusa kipande. Kata mbali kidogo, acha kikonyo cha milimita mbili hivi, halafu ukate mara ya pili, mwisho msasa. Ukikata mara moja plastiki inanyofoka na kuacha doa jeupe au kishimo. Halafu angalia ule mstari mwembamba unaozunguka kipande, ni mstari wa kalibu, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kwenye pikipiki unaonekana vibaya kuliko kwenye gari kwa sababu pikipiki haina pa kuficha kitu, mabomba yote yako nje. Kwangua na mgongo wa kisu kisha msasa. Kwenye usukani, ekzosi na fremu usiruke hata sentimita moja. Wengi wanaharibu hapa halafu wanalaumu rangi.

Kromu ya kiwandani

Boksi la modeli ya zamani kama hii lina vipande vya kromu vinavyong'aa kama sufuria mpya. Vizuri kwa macho, shida ni tatu. Gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu, lazima ukwangue pale panapogusana. Palipokatwa panabaki doa. Na ekzosi inakuja nusu mbili, ukishaziunganisha mshono unapita katikati ya kromu na huwezi kuupiga msasa bila kuitoa.

Basi itoe. JIK ya kufulia, weka kwenye kopo la plastiki, tumbukiza vipande, vaa glavu, kaa nje au fungua dirisha, na usichanganye JIK na dawa ya choo au siki au kitu chochote kile maana inatoa gesi mbaya. Baada ya muda utaona kromu inachunika yenyewe inabaki plastiki. Suuza sana. Sasa unganisha nusu zako, jaza mshono kwa puti, msasa mpaka ukipitisha ukucha usihisi kitu.

Kurudisha mng'ao ni hivi: nyeusi ya kung'aa kwanza, ikauke siku kadhaa mpaka isinuke kabisa ukiinusa, ndio juu yake rangi ya kromu. Wenye eabrashi, ile kalamu ya kupuliza rangi kwa kompresa, wanatumia rangi ya Alclad, wasio nayo kuna kalamu ya Molotow ambayo wino wake ni kromu kabisa na kwa vitu vidogo kama vioo vya pembeni na vichwa vya bolti haina mpinzani. Uso wa ile nyeusi ndio utakaoamua, ukiwa na chembe ya vumbi basi kromu itaitangaza.

Halafu sasa ekzosi isibaki kromu tupu toka mwanzo mpaka mwisho. Angalia picha zako za kijiweni, pale bomba linapotoka kwenye silinda pana rangi. Karibu kabisa na injini ambapo joto ni kali pana bluu, inafuata zambarau, halafu inafifia kwenda manjano ya dhahabu, halafu kromu safi. Mpangilio ni huo, ukiugeuza mtu yeyote aliyewahi kushika pikipiki atajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kusema ni nini. Tamiya wana rangi za kupitisha mwanga, X-23 bluu, X-26 machungwa, unazipunguza sana na kupitisha kidogo kidogo. Kwa pikipiki mpya inatosha sentimita moja na nusu tu.

Injini

Hapa ndio napenda mimi na hapa ndio msikimbie. Injini ya CB750 iko wazi yote na ukiipaka fedha moja kuanzia juu mpaka chini itaonekana plastiki iliyopakwa fedha, basi. Injini ya kweli haina fedha moja. Silinda ni aluminiamu iliyomwagwa, imefifia. Kava za pembeni zimepigwa polishi. Bolti ni chuma. Kwa hiyo katika rangi za Tamiya chukua XF-16, aluminiamu isiyong'aa, kwa silinda na ukipenda tia tone la nyeusi XF-1, chukua X-11, fedha ya kromu, kwa kava za pembeni, na bolti uziguse moja moja kwa ncha ya kijiti cha meno kwa rangi nyeusi zaidi kidogo. Tofauti ni ndogo sana, mtu hataiona akiambiwa aitafute, ila jicho lake litajua.

Kisha zile mbavu za kupozea injini. Nyeusi ya rangi ya mafuta, zile tyubu za wachoraji, tone moja kwenye tapentaini nyingi mpaka iwe kama maji machafu, gusa brashi kwenye pembe ya mbavu tu na itakimbia yenyewe kufuata mfereji. Subiri dakika chache, futa juu kwa pamba ya masikio yenye tapentaini kidogo. Usifanye hivi kwenye plastiki tupu isiyo na rangi, hasa palipobanwa na skrubu, tapentaini ikiingia hapo plastiki inapasuka.

Nyaya za plagi. CB750 ina koili mbili chini ya tenki, moja inalisha silinda ya kwanza na ya nne, nyingine ya pili na ya tatu, kwa hiyo ukiweka nyaya zako fuata hivyo na sio zote nne kutoka sehemu moja. Waya wa plagi kwenye pikipiki halisi ni kama milimita 7, gawa kwa sita unapata 1.2 hivi.

Hesabu hii ya kugawa kwa sita ifanye kwa kila kitu, ndio siri ya modeli kuonekana kubwa. Mpira wa breki wa kama milimita 10 unakuwa 1.7 hivi. Kebo ya klachi ya milimita 5 inakuwa 0.8. Waya wa indiketa unakuwa chini ya nusu milimita. Vipira vinavyokuja kwenye boksi mara nyingi ni vinene mno kwa nyaya ndogo. Na hapa Kigoma hatuna shida, teremka Kibirizi kwa wauza nyavu na ndoano, wana mshipi wa kila unene, chagua ule unaokutosha, kwaruza kwa msasa ili rangi ishike, paka nyeusi isiyong'aa. Mshipi una tabia ya kujikunja kama ulivyokaa kwenye gurudumu lake, na hiyo tabia itumie, geuza ule mkunjo uelekee upande kebo inapopinda. Nyaya nyembamba kabisa nenda kwa fundi redio, koili ya mota mbovu ina waya wa shaba ambao ukiukunja unabaki hapo hapo.

Tenki, na hii rangi ya kendi

CB750 za mwanzo zilitoka na rangi za kendi, nyekundu, bluu-kijani na dhahabu, zile ambazo ukiangalia unaona mwanga kama unatokea ndani. Siri yake ni tabaka mbili, chini fedha, juu rangi inayopitisha mwanga. Praima, msasa wa 1000 kwa maji, fedha laini, ikauke, halafu nyekundu ya X-27 au ya kopo inayofanana nayo.

Shida ya kendi ni kwamba kila unapopita tena inazidi kuwa nzito. Tenki ukiipita mara tano na kava za pembeni mara nne, basi una pikipiki ya rangi mbili. Kwa hiyo vipande vyote vya rangi, tenki, kava za pembeni, kasha la taa ya mbele, vipande vinavyolishikilia kasha lile, vibane kwenye vijiti, pulizia vyote kwa wakati mmoja, mkono mmoja, umbali mmoja, na uhesabu kwa sauti kama unahesabu madafu. Kingo ndizo zinapata rangi mara mbili bila kujua, anza kupuliza nje ya kipande na umalizie nje ya kipande.

Sasa hali ya hewa yetu. Masika hewa ya ziwani imejaa maji, ukipuliza asubuhi mapema au mvua ikiwa inanyesha rangi inavuta unyevu na kuweka ukungu mweupe, hasa ile ya juu kabisa ya kung'arisha. Subiri saa nne saa tano jua likishapanda. Kiangazi tatizo linageuka, ni vumbi, na mchana upepo wa ziwani unaliamsha. Mwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza, funga dirisha ukishamaliza (vaa barakoa, sio ya kitambaa), na kila kipande kifunike kwa ndoo iliyogeuzwa. Ndoo ya kawaida tu, imeokoa tenki nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Stika za maji, zile unazoloweka ndio ziachie karatasi yake, zinafuata baada ya rangi kukauka kabisa. Kwenye mviringo wa tenki zinagoma kulala, tia siki nyeupe iliyochanganywa na maji chini yake, kandamiza kwa pamba yenye maji ya moto ukianzia katikati kwenda nje. Halafu rangi ya kung'arisha, ile angavu ya juu kabisa, tabaka mbili tatu nyepesi kwanza ndio nzito, maana nzito ya kwanza inaweza kukunja stika. Acha wiki au zaidi, piga msasa wa 2000 kwa maji na mkono mwepesi, malizia na kompaundi ya polishi ya magari na kitambaa laini. Kwenye kingo usisugue, rangi hapo ni nyembamba, utaona fedha sasa hivi.

Kuunganisha

Hapa nitapita haraka maana karatasi inaeleza vizuri. Fremu ni nyeusi ya kung'aa nusu, X-18 inafaa. Kwangua rangi popote gundi inapokaa. Skrubu zinajitengenezea njia zenyewe ndani ya plastiki, kwa hiyo zipake sabuni ya kipande kidogo, ingiza, rudisha nusu mzunguko, ingiza tena, na ikishakaza acha. Usiifanye kama unafunga nati ya gurudumu. Jaribu kila kitu bila gundi kwanza, hasa injini kuingia kwenye fremu, maana ukishaweka nyaya zako za nyongeza nafasi inapungua. Ekzosi na usukani ziwe mwisho, vinginevyo utavunja.

Kebo zipitishe kama kwenye picha zako. Ya mshale wa spidi inashuka kwenye gurudumu la mbele, ya mshale wa mizunguko inaingia kwenye injini. Geuza usukani kulia na kushoto kabla hujagandisha, kebo ikivuta ni fupi.

Vumbi

Wengine wanaiacha safi kama ya shorumu na ni haki yao. Mimi pikipiki bila vumbi naiona kama haijafika kwetu.

Udongo wa njia ya Kasulu ni mwekundu safi, ila usiuchukue ukaumwaga hivi hivi, chembe yake kwenye skeli ya 1/6 ni jiwe. Fanya hivi: weka udongo kwenye ndoo, jaza maji, koroga sana, subiri mchanga utulie chini kama nusu dakika, mimina yale maji ya tope kwenye sufuria nyingine taratibu ukiacha mchanga nyuma. Rudia. Yale maji yaache usiku kucha, asubuhi utaona maji juu na tope laini kabisa chini, mwaga maji, kausha tope juu ya jiko mpaka likauke kabisa, saga kwa kijiko, chekecha kwa kitambaa cha soksi nyembamba. Unapata unga ambao ukiupitisha kati ya vidole hausikii chembe. Mkebe mmoja unatosha modeli nyingi.

Upake kwa brashi kavu laini. Wapi? Ndio picha za kijiweni sasa. Vumbi linakaa mbele ya injini chini, linarushwa na tairi la mbele. Ndani ya madigadi, kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwenye pembe pembe ambako kitambaa cha kufutia hakifiki. Halikai juu ya siti abiria anapokaa, halikai ubavuni mwa tenki ambapo magoti yanasugua, na kiki ncha yake inang'aa kwa sababu kiatu kinaipiga kila siku. Cheni inarusha oili upande wa kushoto kwenye rimu na mkono wa nyuma, kwa hiyo hapo vumbi liwe jeusi, changanya na ile rangi ya mafuta. Tairi usilifunike lote, pale linapogusa barabara pako safi zaidi, vumbi liko pembeni. Kabla ya hapo lisugue kwa msasa wa 400 uondoe mng'ao na mstari wa kalibu wa katikati. Kushikisha, gusa tapentaini kwa ncha ya brashi juu ya vumbi bila kusugua, acha ikauke. Rangi ya chini iwe imekauka zamani.

Weka kidogo, angalia mchana kwenye mwanga wa nje, ongeza kesho. Usiku chini ya balbu utazidisha tu.

Mwisho ni pa kuiweka. Matairi ya modeli hizi ni vinaili, na vinaili ikikaa muda mrefu juu ya plastiki ile ngumu inaiyeyusha taratibu, utakuja kuinua uvunje rimu au ukute tairi limeganda kwenye stendi. Hata kati ya tairi na rimu pitisha rangi kwanza iwe kizuizi. Stendi ya plastiki achana nayo, nenda kwa seremala akupe kipande cha mninga alichobakiza, piga msasa, vanishi, na uache ukauke wiki nzima kabla hujaisimamisha pikipiki juu yake, mbali na dirisha la jua.